Twiga na Kiti cha Dereva

Alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya mabasi, mwenye miguu mirefu hata wenzake wakambatiza Twiga. Ndoto yake ilikuwa moja: kuingia uwanja wa mbio na gari aliloliunda mwenyewe. Akapata gari la michezo kuukuu, la viti viwili, rangi imebabuka, akaliingiza bandani nyuma ya nyumba. Kila jioni alilishughulikia. Aling'oa zulia, redio na kila kilicholiongezea uzito. Akabadilisha springi na shokomzoba mpaka likakaa chini. Akachomelea mabomba ya chuma ndani ya bodi ili likipinduka paa lisimwangukie dereva.

Mkewe, mshona mapazia, ndiye aliyemshikia taa. Alizijua spana kwa namba zake, na alishona vimito vya mikanda ili isimchubue mumewe mabegani.

Siku ya kwanza uwanjani Twiga alizunguka mpaka jasho likamlowesha. Aliposhuka alikuwa anacheka peke yake.

"Nawe zunguka kidogo, mama watoto, usije ukasema nimekunyima."

Mkewe alivaa helmeti, akaondoka taratibu. Mzunguko wa pili haukuwa wa taratibu tena. Aliingia kona bila papara, akatoka gari likiwa limenyooka. Mshika saa akaitazama saa yake, akaitazama tena.

"Twiga, mkeo kakuacha mbali."

Watu walicheka, Twiga naye akacheka. Njiani kurudi mkewe alisimulia kona moja baada ya nyingine, naye akaitikia "mm", macho barabarani. Angeshindwa na mgeni angelala usingizi. Kushindwa na mtu aliyemfundisha klachi yeye mwenyewe, ndani ya gari alilolitolea jasho, kulimchoma.

Wiki iliyofuata aliitoa reli ya kusogezea kiti, akakifunga kiti kwa bolti moja kwa moja sakafuni, nyuma kabisa, kwa kipimo cha miguu yake.

Mkewe aliketi, akanyoosha mguu. Ncha ya kiatu haikuifikia klachi.

"Reli ilikuwa nzito," Twiga alisema.

"Haya. Reli ilikuwa nzito."

Akashuka, akafuta mikono, akaingia ndani. Tangu hapo hakumshikia taa tena.

Twiga akabaki na gari lake. Alijaribu kuzikata kona kama alivyomwona mkewe akizikata, akawahi kukanyaga mafuta, gari likateleza na kutazama lilikotoka. Na kila alipofika uwanjani aliulizwa, "Shemeji yuko wapi?"

Kumbe shemeji ameshaalikwa. Mwoka mikate mmoja alikuwa na gari la aina ileile, ila mgongo ulimsumbua.

"Ameniomba nimwendeshee kwenye mashindano," mkewe alisema wakila. "Nimekubali."

"Sawa," Twiga alijibu, na chakula kikamshinda.

Siku ya mashindano alimwona mkewe akifunga mkanda ndani ya gari la mtu mwingine, mwoka mikate akimsogezea kiti mbele, wakichekea jambo. Wivu ukampanda mpaka masikioni. Aliinamisha uso usionekane, na hapo akaona upande wa ndani wa gurudumu la mbele la gari hilo unyevu unaong'aa, umeteremka hadi kwenye tairi. Oili ya breki.

Moyo ulimwambia mwache azunguke mara moja, ashindwe kusimama vizuri, arudi na muda mbaya. Halafu akakumbuka kona ya chini ya uwanja, iliyopakana na ukuta, na miguu ikamtoa mbio mpaka mbele ya boneti.

"Shuka."

Mkewe alifunua kioo cha helmeti. "Mbele za watu, baba watoto? Wivu umefika huku?"

"Wivu ninao, sikatai. Hata kiti nilikifunga kwa wivu. Lakini gurudumu hilo linavuja breki. Shuka uone."

Alishuka, akapitisha kidole, akanusa. Mwoka mikate akashika kichwa.

Paipu ndogo ya breki ilikuwa imepasuka. Twiga alikwenda akafungua ya gari lake mwenyewe, akaja kuifunga pale. Kutoa hewa kwenye breki kunataka watu wawili, kwa hiyo mkewe akakaa kwenye pedali.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao marefu zaidi kwa majuma mengi.

Mkewe alishika nafasi ya pili. Gari la Twiga halikutoka siku hiyo.

"Nimefurahi," Twiga alimwambia mkewe, "lakini bado inaniuma."

"Iume tu. Ila usinifungie njia tena."

Reli ikarudi mahali pake, na siku hizi wanaendesha kwa zamu. Mke ndiye mwenye kasi bado. Zamu yake ikifika, Twiga huenda kununua chai upande wa pili wa uwanja, ambako kipaza sauti hakisikiki vizuri muda unapotangazwa.