Mwenye Hasali, Atabeba Mutoto Wetu?

Siku ya kwanza ya kazi, balinivalisha blouse, gants ya mikono na mabuti, bakaniweka mutoto ku mikono. Sikumujua hata jina. Ilikuwa Butembo, wakati wa Ebola. Bamama bagonjwa balikuwa mu zone rouge, fasi yenye mutu wa inje hapana ingia. Batoto babo balibakia na siye. Kazi iliitwa berceuse, mubembelezi wa batoto. Balikamata siye tu wenye tulishaugua na kupona. Diplome yangu ya État, ile ya kumaliza masomo ya secondaire, hakuna mwenye aliiuliza.

Ninaandikia badada wenye banaanza leo kazi ya hôpital. Ningali kijana, niko na mutoto mudogo, mais kazi ile ilisha kuisha, donc mimi ni muzee wake.

Mwenye alinifundisha ni yaya Katungu. "Usimukamate kama casier ya bière," aliniambia. "Kichwa ku kifua, asikie roho yako inapiga." Desturi ilikuwa hii: kisha kumunywesha maziwa ya unga ya boîte, unamupeleka ku dirisha ya plastiki mama yake amuone, na unaonyesha kopo, ajue mutoto amekunywa kiasi gani. Kama maziwa imebakia, hapana ficha.

Chef d'équipe, mukubwa wetu wa kazi, papa mwenye balituma toka Kinshasa, alifungula kazi kila asubui na sala. Siye bengine tulifumba macho. Katungu peke yake aliosha bikopo.

"Mama Katungu, Mungu alikufanya nini?"

"Hapana kitu, chef. Sina kasirani naye. Siamini tu kama iko."

"Ah, yaka!" chef akasema na Lingala yake. "Mwenye hamuogopi Mungu, ataogopa nani? Mutoto atalia, weye utalala."

"Chef, jana nani alilala mu réunion?"

Tulicheka. Chef hapana. Akasema kuanzia kesho Katungu atafagia lupango ya hôpital, na mutoto mwenye alikuwa naye hatamubeba tena.

Mimi ni mukatolike, ninasali rozari. Na kasirani ya siku ile haijashuka mpaka leo. Kati yetu kulikuwa benye kufumba macho muzuri sana ku sala, kisha ku dirisha banaficha kopo! Nikamuambia: "Chef, uliza mama wa mutoto."

Mama yule alikuwa mulimaji wa Musienene, rozari ku mukono hata mu kitanda. Chef akaenda ku dirisha, akasema yote na sauti: huyu hapana sali, huyu hana Mungu.

Mama alikuwa na nguvu kidogo sana. Alimuangalia Katungu.

"Basi, dada, ukimutupa mutoto wangu, utajibu kwa nani?"

"Kwako," Katungu akasema. "Kila mara, hapa ku dirisha. Na kama weye hauko tena, kwa huyu, siku atajua kuuliza."

Mama akafunga macho. Kisha akasema: "Chef, muache naye. Kazi ya Mungu nitaifanya mimi. Ya maziwa aifanye yeye."

Nisimusingizie chef: aliogopa juu ya batoto, na hakujua njia ingine ya kuogopa. Kesho yake alisali, akangojea Katungu amalize bikopo, akamupatia mutoto yeye mwenyewe.

Mama alipona. Ku mulango alikamata mutoto wake, akasema "Wasingya, wasingya," ni aksanti ya Kinande.

Kisha balitutuma Beni, kazi ile ile, chef mwingine. Ugonjwa ulipoisha, balitupatia pagne ya kitenge na kutufukuza na adabu. Ndiyo retraite yangu, pensheni yote. Leo ninauzisha maharagi, na bado ninasikia batu: "Bila Mungu, mutu ni nyama ya pori." Inanichoma! Ninaamini Mungu, mais sitaki Mungu mwenye banafanya polisi wa kulinda maziwa. Kama unafanya muzuri juu ya woga tu, siku woga itaisha, mutoto atakula nini?

Dimanche, majirani bananiuliza: "Mutoto wako unamuachia mupagani?" Ndiyo. Mimi ninaenda misa, Katungu anabakia naye. Nikirudi, mutoto amekula, amelala, na Katungu ananiuliza: "Padiri amesema nini leo?" Ninamuelezea. Siku zingine anakubali.