Thamani ya Nyumba ya Wifi

Mtaani walimwita Mama Futi, maana tangu ujana wake walimwona akizunguka nyumba za watu na futi kamba mkononi. Alikuwa mthamini wa halmashauri. Yeye ndiye aliyekadiria nyumba ya mtu ingeuzwa bei gani, na kodi ya jengo ikafuata hapo. Kazi hiyo ilimpa mshahara, ikamnyima marafiki. Akiingia dukani, mazungumzo yalikatika. Akialikwa harusini, walimtania asije akaupima ukumbi.

Sasa alikuwa amechoka, uchovu ule usiotoka kwa kulala. Kustaafu kulikuwa kumekaribia, na alichoomba ni mwaka upite kimya tu. Bahati mbaya ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Wagombea wawili wa udiwani waliandaliwa mdahalo kwenye bwalo la shule, na bosi wake akamwambia, "Dada, nenda wewe ukajibu maswali ya kodi. Wananchi wanakuheshimu."

"Hao watanimeza mzimamzima, bosi," alisema. Akaenda.

Bwalo lilifurika mpaka madirishani. Mgombea wa kwanza, mwenye ghala la saruji, alisema kodi ile ni wizi mtupu na ataifuta. Wa pili, mwalimu mstaafu, aliahidi kuipunguza nusu. Aliposikia mwenzake anavyoshangiliwa, naye akaapa kuifuta. Hakuna aliyeuliza taka zitazolewa kwa fedha ipi. Mama Futi, kwenye kiti cha plastiki kando ya jukwaa, alifumba macho.

Alipoyafumbua, aliyeshika kipaza sauti alikuwa wifi yake, mjane wa kaka yake.

"Mimi namuuliza huyo aliyekaa hapo," wifi alisema. "Nyumba yangu ni ileile aliyoijenga kaka yako. Bati lilelile, linavuja palepale. Mbona kodi imepanda maradufu? Ulikuja, ukanywa chai, ukapima, ukaondoka. Hata kunidokeza, wifi yangu?"

Mama Futi akajiinua taratibu.

"Barabara imewekwa lami mbele yako, wifi. Nyumba zote za pale zimepanda bei."

"Kwani lami naila?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Futi mwenyewe nusura acheke.

"Huili, kweli. Sheria inaniuliza nyumba ingeuzwa bei gani, hainiulizi mwenye nyumba amekula nini. Kwa mjane asiyetaka kuuza, hilo naliona si haki. Lakini tukiifuta kwa wote, hata wenye maghala tutakuwa tumewasamehe..."

"Mmesikia?" mwenye ghala alidakia. "Hata wao wenyewe wanakiri si haki!"

Vigelegele vikafunika yaliyobaki. Mama Futi akakaa.

Nje, wifi alikuwa akimsubiri getini, kwa kuwa njia yao ilikuwa moja. Walitembea mpaka kona ya fundi cherehani.

"Unaweza kuweka pingamizi," Mama Futi alisema. "Atakuja mthamini mwingine, mimi siruhusiwi tena, wewe ni ndugu. Hata ile mara ya kwanza sikupaswa kuja, ila tulikuwa wachache."

"Mbona hukuniambia siku ile ya chai?"

"Niliogopa ungeniomba nikupunguzie."

Wifi alifikiri kidogo. "Ningekuomba," akasema.

Mwenye ghala alishinda. Kodi haikufutwa, ilisemekana inafanyiwa mapitio, na hati za madai zikaendelea kuja kama kawaida. Pingamizi la wifi lilisikilizwa. Mthamini mwingine alikuta ukuta wa nyuma umepasuka, akaishusha thamani kidogo, si kiasi cha kumwondolea mtu mawazo. Basi wifi akaamua kupangisha chumba cha mbele, kile alichougulia mumewe mpaka mwisho.

Jumamosi moja Mama Futi alikwenda kusaidia kuhamisha kitanda. Kilikuwa cha mbao nzito, kikakwama mlangoni. Walisukuma, wakavuta, wakaishiwa pumzi.

"Tupumzike, wifi," Mama Futi alisema.

Wakaketi juu yake hapohapo, nusu chumbani, nusu ukumbini, kila mmoja akitazama upande wake.