Matawi Niliyoyatoa Barabarani

Mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na moja, baba aliangukiwa na mpaini msituni akafa, na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Mama alinipa ungo wa mahindi ya kuchoma, nikasimama kando ya barabara ya Zambia, nje kidogo ya Mafinga. Biashara sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuangalia watu: dereva mwenye njaa anatazama sufuria, mwenye usingizi anatazama benchi.

Nikapata banda, banda likawa hoteli. Siku hizi wanafunzi na wazungu wanasimama kupiga picha ukuta wangu, wenye namba za malori yaliyokwisha kufa na vikombe vya bati vya madereva wa zamani. Wanasema natunza historia ya barabara. Kweli natunza. Ila habari moja niliitunza kwa uongo, na ndiyo hii.

Wakati huo nina banda tu, na mtoto mgongoni. Asubuhi moja ya ukungu, lori la mbao liliharibika kwenye kona, hatua kama mia kupita banda langu. Dereva alikuwa kijana wa Mbeya, mteja wangu. Alifanya wanavyofanya madereva wote: akakata matawi, akayapanga barabarani kuanzia mbali, ili wanaokuja nyuma wajue mbele kuna gari bovu. Kisha akaingia chini ya lori na spana.

Matawi yale yalianzia mlangoni kwangu. Kila gari likiyaona linahamia upande wa pili, linapita. Ugali unapoa. Nikatoka nikayavuta, nikayatupa mtaroni. Nilijiambia nitayarudisha gari mbili tatu zikishasimama kula.

Gari la kwanza lililokuja halikusimama.

Liligonga lile lori, na mguu wa kulia wa yule kijana aliyekuwa chini yake ulibaki pale. Aliyemgonga alikuwa analia, "Hakuna matawi! Hakuna hata jani!" Trafiki akanigeukia.

"Mama, wewe uko hapa tangu alfajiri. Uliona matawi?"

"Sikuona, afande."

Yule aliyelala chini alikuwa bado na fahamu. "Dada, uliniona nikiyapanga. Si ulinisalimia?"

Kweli nilikuwa nimemwambia kamwene. Nikainamisha kichwa, nikakaza kanga ya mtoto.

Tajiri wake alimfukuza. Barabara nzima ikamjua kama dereva asiyeweka matawi. Na mimi, kila alipokuja dereva mgeni, nilimwambia, "Weka matawi, usije ukawa kama yule wa kona." Hapo ndipo ninapojishangaa. Kunyamaza ningejielewa, ni woga. Lakini kusimulia!

Mwaka huu nikamsikia mjukuu wangu, ndiye anayewaongoza wageni ukutani, akiisimulia habari ile. Alikuwa ameiongezea chumvi: anachechemea kama mwenye mguu mmoja, wageni wanacheka mpaka wanashika meza. Niliyemfundisha ni mimi. Kesho yake nikapanda basi la Mbeya.

Nilimkuta yule dereva mtaa wa Soweto, mjini humo, anaziba pancha. Kichwa cheupe, gongo limeegemezwa ukutani. Alinitambua kabla sijakaa.

"Mama wa ugali! Nilijua utakufa kabla hujaja."

"Nimekuja kusema."

"Najua. Sema basi."

Nikasema yote. Yeye aliendelea kukwaruza tyubu. Aliyesimama ni mke wake, alikuwa anamenya ndizi mlangoni.

"Miaka yote hii anaapa kwamba aliyaweka," akaniambia. "Na mimi namjibu, mume wangu, labda ulisahau. Mimi, mkewe!" Akaingia ndani, hakutoka tena.

Nikaanza habari ya kumpa ng'ombe wawili.

"Ng'ombe wa nini? Wataendesha lori?" akasema. "Nenda kasemee palepale ulipokuwa unanisemea. Mchana, pamejaa. Na usiwaambie wazungu tu. Waambie madereva."

Nilisema. Nilisimama katikati ya meza na upawa mkononi. Mjukuu akakimbilia jikoni. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, si ungekufa nayo tu?" Dereva mmoja wa siku nyingi akasukuma sahani. "Kumbe ulikuwa unatulisha uongo na maharage," akasema, akanawa, akatoka, na wengine wakamfuata.

Nikampigia yule mzee simu.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Haya." Akakata.

Nilimwalika aje kula, hajaja. Mjukuu sasa anawasimulia wageni habari ya kona na mimi nikiwa ndani yake. Sijamkataza.

Leo nina nyumba ya bati jekundu, ekari nne za mipaini, ng'ombe sita, pikipiki moja, friza mbili, na hoteli ya meza kumi na mbili. Mchana sasa zinajaa tano.