Ukuta Nilioubomoa Jumapili

Nyumba yetu ya kwanza Karatu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Mume wangu alikuwa bwana mifugo. Alihamishwa kutoka kwetu Umasaini, Enguserosambu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ile ambayo kipande cha sabuni kilikuwa cha kugombania, na akapanga pale kwa sababu ni karibu na ofisi yake. Hakuniuliza. Nilipofika na binti yetu wa miaka mitatu mgongoni, nikatazama unga uliotanda hata juu ya kitanda, nikamwambia, "Hapa utakaa wewe na mashine yako."

Nilikaa, lakini. Nilikuwa na mahali gani pa kwenda?

Mtoto akaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni baridi, maana Karatu ina baridi yake. Halafu kikohozi kikageuka kuwa cha kubana, anavuta pumzi mbavu zinaonekana. Muuguzi wa zahanati akampima, akanusa nguo zangu, akaniuliza tunaishi wapi. Nilipomwambia akatikisa kichwa. "Mama, mtoe mtoto huyu kwenye vumbi kabla mvua hazijaisha. Kiangazi kikimkuta pale sikuhakikishii."

Basi tukaanza kutafuta mtaa. Jumamosi baada ya Jumamosi tulizunguka, mimi na mtoto, mume wangu akisukuma baiskeli ya ofisi. Kando ya barabara kuu ya kwenda kreta kulikuwa na vyumba vizuri vya bati, ila kila lori likipita unakula vumbi. Nyumba za watumishi zilikuwa zimejaa, na wake wa maofisa walinitazama shuka langu kuanzia juu hadi chini kana kwamba nimekuja kuuza maziwa. Upande wa Rhotia palikuwa pazuri mno, lakini mbali na kazi. Mwisho tukapanda kilima juu ya mji, karibu na msitu, mahali penye upepo safi, nyasi, na nyumba za Wairaqw, wenyeji wa pale, zilizoachana vizuri. Mtoto alilala mgongoni kwangu saa nzima bila kukohoa. Nikasema, ni hapa. Hata kama ni kulala chini ya mti, ni hapa.

Kijiji kikatupa kiwanja. Lakini balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja mpole mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata juani, alituambia wazi. "Ardhi mmepewa na serikali. Ujirani mtapewa na watu wenyewe." Akaitisha mkutano.

Sifichi, niliogopa. Wazee wetu na wazee wao walinyang'anyana ng'ombe tangu zamani, na watu walikufa. Kwenye mkutano mwanaume mmoja alisimama akasema kwa Kiswahili, ili nisikie, kwamba Mmasai hajengi, Mmasai anapita. Wengine wakaguna kukubali. Ndipo bibi mmoja mjane, ambaye kiwanja chake kilipakana na chetu na ambaye kila mtu alimwita aayo, yaani mama, akasema bila kusimama, "Waache waje." Maneno mawili tu, na mkutano ukaisha. Balozi akaninong'oneza baadaye kwamba kaka yake yule bibi aliuawa na watu wetu bondeni, akilinda ng'ombe. Nilishindwa hata kwenda kumshukuru. Ungemwambia nini?

Balozi akapanga siku ya kazi, Jumamosi. Desturi ya pale ni kwamba mgeni akianza nyumba, mtaa wote unakuja: wanaume wanachimbia nguzo, wanawake wanabeba maji na kukanda udongo, na mwenye nyumba anawapikia pombe. Kwa kuwa mimi pombe yao siijui, mke wa balozi alijitolea kunipikia. Mume wangu akaleta nguzo na fito kwa tela la trekta, akazipanga, kisha akaenda josho la Kansay kwa wiki nzima kuogesha ng'ombe wa watu.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kwetu mwanamke ndiye anayejenga. Mwanaume hana nyumba, ana boma; usiku anaingia nyumba ya mkewe, na mke aliyejengewa na watu ni kichekesho hadi kwa wakwe. Nilikuwa nimejenga tangu nikiwa mwari. Nikaziangalia zile nguzo Jumatatu asubuhi, mikono ikaniwasha. Nikajiambia, hawa watu wameshasema Mmasai hajengi. Ngoja wanione. Tena nitawapunguzia kazi, watakuja Jumamosi wakae wanywe pombe yao kwa raha, waseme kweli yule mama ni mwanamke.

Nikamlaza mtoto kivulini, nikachimba. Siku tano! Kiganja kilichubuka, mgongo ukakataa, nikaulazimisha. Nilisimamisha nguzo za chumba kizima, nikasuka fito, nikakandika kuta zote nne kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, laini mpaka ungeweza kujitazama. Majirani walipita mbali njiani, wakasimama kidogo, wakaenda. Nilidhani wananistaajabia. Yule aayo alikuja siku ya Alhamisi mpaka mpakani; nilipozinduka kwenye usingizi wa uchovu nilimkuta ananiangalia, mikono nyuma, akageuka akaenda zake.

Jumamosi wakaja kweli, watu zaidi ya ishirini, majembe begani, ndoo kichwani, na mke wa balozi mbele na mitungi ya pombe. Nami nimevaa shanga zangu zote, nimesimama mlangoni. "Karibuni! Kazi nimeshamaliza, kaeni mnywe!"

Hakuna aliyekaa. Mwanaume yule wa mkutanoni akatua jembe lake, akaliokota tena. "Tunywe kwa kazi gani? Sisi ombaomba?" Akaondoka. Wakamfuata mmoja mmoja, wanawake wakamwaga maji yao pale pale kwenye nyasi. Mke wa balozi alikuwa na machozi. Pombe ya siku tatu, ameipika kwa ajili yangu, na sasa imekuwa ya aibu. Mimi nimeduwaa na shanga zangu.

Balozi alibaki. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma. "Mama," akasema, "hapa mtu akiweka mkono kwenye nyumba yako, amekubali pia kukubeba ukiugua na kukuchimbia kaburi. Wewe umewaambia huwahitaji. Sasa wanasema wakuache hivyo hivyo ulivyotaka. Na aayo wanamsema vibaya, eti ndiye aliyewaleta. Sijui kama nitaweza kuwatuliza. Labda mtafute mtaa mwingine."

Mtaa mwingine! Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa sauti, kama mtoto. Nilimwona binti yangu anarudi kwenye ule unga, mbavu zile. Na nilikuwa na hasira nao pia, nisiseme uongo. Nilikuwa nimejenga kwa kuwaheshimu! Nimlaumu nani, basi? Usiku ule nililala kwa mke wa balozi, aliyenikaribisha pamoja na yote, na wala sikupata usingizi.

Jumapili watu wote wa kilima walikwenda kanisani. Sikwenda. Nilichukua panga nikaanza na ukuta wa mbele. Kukata kamba za fito, kung'oa, kubomoa udongo uliokuwa bado mbichi ndani. Loo, iliniuma kuliko kuchimba. Kazi ya mikono yangu mwenyewe, nzuri vile! Nilikuwa nimemaliza wa mbele na nimeshika wa kushoto waliporudi kutoka ibadani na nguo zao safi. Wakasimama njiani.

Aayo akatoka kundini, akavuka mpaka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kiwanja chetu.

"Unafanya nini?"

"Nabomoa, aayo. Nilijenga vibaya."

"Muongo. Umejenga vizuri mno." Akagusa ukuta wa nyuma kwa kiganja. "Huu uache. Huu ni wako. Hizi tatu ni zetu."

Akageuka, akawaambia watu kitu kwa Kiiraqw, kwa ukali, na mwanaume yule wa jembe akainamisha kichwa akacheka kidogo. Kesho yake, Jumatatu, wote walikuja. Pombe ilikuwa imechacha hadi inauma ulimi, wakainywa hivyo hivyo, wakinitania eti Mmasai kwa kupenda kazi anaimaliza peke yake asubuhi na kuibomoa jioni. Mume wangu alirudi mchana kutoka Kansay, akakuta watu ishirini kwenye nyumba yake na mkewe ndani ya shimo la udongo mpaka magotini. Alivua shati.

Mimi na aayo tulipewa ukuta wa mbele kukandika. Tulifanya kazi bega kwa bega muda mrefu, mtoto anacheza miguuni kwetu na kikohozi chake kidogo. Kisha akasema, macho kwenye udongo:

"Kaka yangu tulimzika bila kujua ni nani aliyemuua. Miaka yote hii sikuwa na sura ya kuichukia. Mkutanoni nilisema mje ili niipate."

Mikono yangu ikasimama. Sikuweza kumtazama. Nilisema pole, neno dogo lile, nikaona aibu kulisema.

Akachota udongo, akaubandika, akausawazisha taratibu kwa kidole gumba.

"Nimekutazama wiki nzima," akasema. "Alhamisi nilikuja nikijua leo nitaweza kukuchukia. Nikakuta umelala chini ya ukuta umechoka, mdomo wazi, na mtoto amelala juu yako." Akaupima udongo kwa kidole. "Sasa udongo umekauka huu. Nenda kalete maji."

Nikachukua ndoo nikaenda.