Hema Lililong'olewa Mbele ya Jeneza

Mwenyekiti wa kijiji chetu, huku Bulumbi, alijijengea jina matangani. Palipotokea msiba alifika kabla ya jamaa wa mbali, akaleta hema la kijiji, akashika kipaza sauti. Hema hilo tulilinunua kwa michango yetu sote. Yeye alilitunza tu. Hata hivyo, kila aliyekaa kivulini aliondoka akimshukuru yeye. Ndivyo alivyochaguliwa, na mimi, karani mstaafu wa kata ndogo, siku ya kura nilisimama katika mstari wa waliomuunga mkono.

Baadaye alinitaka nishuhudie mpaka wa shamba ambao niliujua kuwa wa uongo. Nilikataa. Yeye akasubiri.

Mke wangu alipofariki, jeneza likiwa katikati ya ua na mchungaji akisoma, wanaume watatu waliingia wakaanza kulegeza kamba za hema.

"Mzee, utusamehe. Mwenyekiti anasema hema linatakiwa kwenye msiba kule Masaba sasa hivi."

"Kabla ya sala kwisha?"

"Sisi tumetumwa tu, mzee."

Jua la mchana likamwangukia mke wangu, pamoja na wageni waliotoka Tororo kumzika. Dada zake walivua leso zao wakalifunika jeneza. Masaba hakukuwa na msiba wowote siku hiyo. Nilikwenda mwenyewe kuthibitisha.

Sikumtukana popote. Nilihudhuria kila maziko, nikaketi mbele, na alipopewa nafasi ya kusema niliinua mkono kwa adabu.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Leo tutakaa chini ya hema mpaka marehemu azikwe, au tuanze kuinuka?"

Mwanzoni watu waliguna tu. Baadaye akina mama wanaouza samaki mpakani mwa nchi wakawa wananihimiza: "Baba, tuulizie bwana! Jua kali!" Ikafika mahali Mwenyekiti akawa anaondoka kabla ya kuitwa kusema.

Siku ya uchaguzi tulijipanga nyuma ya wagombea, kama ilivyo desturi ya ngazi ya kijiji, kila mtu akionekana. Nilipita mbele yake taratibu, pamoja na mashemeji zangu, nikaenda kwa mpinzani wake. Watu wakafuata. Nyuma yake walibaki mkewe, kaka yake na majirani wachache. Kaka yake akatazama chini, kisha naye akavuka.

Jioni Mwenyekiti alinijia, mkono mbele.

"Mzee wangu, siasa zimekwisha. Tusameheane."

"Mimi sikuwa katika siasa," nikamjibu. "Nilikuwa nikizika."

Mkono wake niliuacha hewani mpaka alipouteremsha mwenyewe.