Sindano Kushoto, Kigurudumu Kulia

Sokoni Kashaulili walishaamua: kichwani nina mapunye. Wateja wa duka langu la vitambaa wakawa wanashika khanga kwa ncha za vidole. Mshenzi mmoja akaniuliza kama huwa naoga. Zamani angenitambua. Siku hiyo nilimfungia khanga yake, nikamwambia karibu tena.

Nilikuwa hivyo tangu tumzike mume wangu. Sikulia msibani, sikulia baadaye. Nywele zikaanza kunyonyoka kwa mabaka, na kabla mwaka haujaisha, binti yetu wa darasa la sita naye zikamtoka. Shuleni wakamwita kipara.

Daktari wa ngozi akasema si mapunye, ni mwili unaishambulia mizizi ya nywele. Dawa ni steroidi, inaingizwa palepale kichwani, kwa njia moja kati ya mbili. Binti akagoma. "Nichomeni nikishakufa!"

Nikamwambia daktari aanze na mimi, njia zote mbili, nikamwambie mtoto ipi haiumi.

Kushoto alichoma kwa sindano nyembamba, tone hapa, tone pale. Kulia akabingirisha kigurudumu chenye visindano, kisha akadondoshea dawa juu ya ngozi. Damu ikanichuruzika hadi sikioni.

"Mama, ipi inauma zaidi?" daktari akauliza.

"Sawa tu."

"Una roho ngumu wewe."

Roho ngumu gani, jamani! Sikusikia kitu. Ilikuwa kama anashona gunia la mtu mwingine.

Nilirudi kila mwezi, mara tatu. Kushoto nywele zilitangulia, nyeupe, ila ngozi ilibonyea kidogo sehemu mbili. Kulia zilichelewa, ngozi ikabaki sawa. Binti akanipapasa kichwa chote.

"Mama, sema kweli. Ipi haiumi?"

Ningemwambia nini? "Kigurudumu," nikasema, macho makavu.

Kilipomgusa tu, alipiga yowe hadi watu wa kwenye foleni wakasimama. Akanikamata mkono, kucha zote zikazama.

"Aii! Unaniumiza!" nikapiga kelele.

Daktari aligeuka kunitazama. Miezi yote ile hakuwahi kunisikia hata nikiguna. Machozi yalikuwa yananishuka, na mkono unawaka moto.

"Mama, umenidanganya," binti akasema huku analia. "Inauma."

"Nimekudanganya, mwanangu. Inauma kweli."

Akataka kuniachia mkono. Nikamwambia asiniachie.