Kisogo cha Durmuş

Durmuş alianza kupigwa kisogoni kabla hajaanza shule, na aliyempiga alikuwa baba yake mzazi. Kwetu huku, milimani juu ya Antalya, mtoto wa mpiga mieleka hafundishwi kwanza kuangusha mtu. Hufundishwa kupigwa. Mwili mzima umepakwa mafuta ya zeituni, kiunoni umevaa suruali ya ngozi, hakuna pa kushika pasipoteleza isipokuwa nyuma ya kichwa. Basi unarusha mkono, kiganja kinatua kisogoni mwa mwenzako, unamvuta chini, unampiga tena. Mwenye kisogo laini hamalizi mchezo. Baba huyo, Mzee Kâmil, alimpiga mwanawe kila asubuhi kabla ya chai, na mtoto akilia aliongezewa.

Kisogo kikakomaa. Mimi nilipigana naye mara moja tu, kabla sijamwoa dada yake Feride, na nikavunjika kidole kwa kumpiga. Yeye akacheka, akanirusha juu ya bega, mbavu zangu zikalia. Jioni alikuja nyumbani na kikapu cha peasi kuniuguza. Ndivyo alivyokuwa: akikuvunja leo, kesho anakuletea matunda.

Kitu kimoja tu hakukiweza, nacho ni kuchekwa. Nywele za mbele zilianza kumtoka angali kijana, na kila mwaka kipara kilipanda kama maji ya mafuriko. Sasa, uwanjani kwetu kabla ya pambano kuna mpiga mbiu anayewatambulisha wachezaji kwa mashairi. Mwaka mmoja, watu wamejaa mpaka juu ya matrekta, akamshika Durmuş begani akaimba:

“Jua likishatuchwea, msitie nyinyi shaka,
kipara chake Durmuş usiku kucha chawaka.”

Uwanja mzima ulicheka. Zumari ikacheka, ngoma ikacheka, nami nikacheka, sitadanganya. Durmuş alishindwa pambano lile kwa hasira. Wiki iliyofuata, mwuza mbegu mmoja alirudia shairi hilo kwenye nyumba ya chai. Durmuş alimpiga ngumi moja, taya likahama upande, meno yakaanguka ndani ya glasi. Tukamshika watu wanne.

“Niachieni nimalizie ubeti,” alisema.

Akaenda Istanbul kupandikizwa nywele. Huko ni jambo la kawaida, utakutana na wanaume wa kila taifa wakitembea barabarani na bandeji vichwani. Zinang'olewa nywele za kisogoni, moja moja na mizizi yake, zinapandwa mbele. Mara ya kwanza alirudi salama, na baada ya miezi zikaota. Angetosheka hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alijitazama kwenye kioo akaona upenyo, akataka ziwe nzito kama za mtoto wa shule. Akaenda kliniki nyingine, ya mtaani, yenye kibao kikubwa na daktari asiyeonekana.

Aliyoyakuta huko alinisimulia mara moja tu, huku akinywa mtindi. Alilazwa kifudifudi, vijana watatu wakamtoboa kisogo kwa vichuma vinavyozunguka, damu ikimchuruzika masikioni. Katikati ya kazi ganzi ikaisha. Akataka kuinuka, wakamkalia mabega. Binti mmoja wao akasema, “Bosi, huku nyuma pameisha. Nikichukua zaidi nitaua ngozi.”

“Mteja amesema zijae,” bosi alijibu. “We toboa.”

“Ungeinuka ukawapiga,” nilimwambia.

“Shemeji, nilikuwa nataka nywele.”

Alirudi na paji la uso limejaa vidonda vidogo, na kisogo kama blanketi lililoliwa na nondo. Katikati palikuwa na doa jeusi. Doa likawa kigaga, kigaga kikabanduka, pakabaki shimo linalotoa usaha. Feride alimsafisha kila siku, analia huku anamtukana.

“Umeuza mlango ukanunua pazia,” alimwambia.

“Pazia linapendeza lakini, dada.”

Daktari wa hospitali ya wilaya, mama mmoja asiyependa mizaha, alikitazama kile kidonda. Akasema ngozi imetobolewa karibu karibu mno hata damu ikashindwa kupita, ikafa. Nywele za hapo hazitaota tena, na hazina pa kuazimwa. Mieleka aisahau mpaka kidonda kifunge kabisa. Akipigwa hapo kitachanika.

“Daktari, mimi kazi yangu ndiyo kupigwa hapo,” Durmuş alijibu.

Fainali ya daraja la pili ilikuwa mbele yetu, naye alikuwa ameshafuzu kabla ya kwenda kliniki ile ya pili. Anayeitwaa fainali hiyo anapanda kwa wakubwa, cheo alichokufa baba yake bila kukipata. Durmuş alikuwa anakaribia arobaini. Mwaka mwingine hakuwa nao. Alimwapisha Feride asifungue mdomo, mimi akanitishia kunivunja mguu. Alijifunika kidonda kwa nta na unga wa dawa, akapaka mafuta juu yake.

Mpinzani alikuwa Nejdet, kijana wa Samsun, mpole kama kondoo na mwenye mikono kama majembe. Wakashikana. Kofi la kwanza la Nejdet lilipotua, Durmuş alipiga magoti, na mafuta shingoni mwake yakageuka mekundu. Nejdet alikiona kiganja chake. Nilikuwa nimekaa kando ya kamba, nikamsikia.

“Kaka, kichwa chako kimeoza. Toka.”

“Piga.”

“Sipigi. Nitakuua.”

Akaanza kucheza kwa kumshika mikono tu, anakwepa kisogo. Watu wakaona, wakaanza kunong'ona. Kwetu hakuna tusi kubwa kuliko hilo: mwanamume kuhurumiwa kisogo mbele za watu, kama mgonjwa. Durmuş akapandwa na wazimu. Alimpiga Nejdet kisogoni, akampiga tena, akampiga mpaka damu ikamtoka puani.

“Nipige, mtoto wa mama! Mama yako alikutuma uje unibembeleze?”

Nejdet akamlipa. Lile kofi lilisikika mpaka kwenye matrekta. Kisha akavuta, kama tunavyovuta sote, na ngozi ikaja. Sisemi kwa kupamba. Kipande cha ngozi ya kisogo kilibanduka kama gamba la mti, kikabaki kwenye vidole vyake. Yule kijana alisimama akikitazama, mdomo wazi, na hapo ndipo Durmuş alipozamia miguuni mwake, akamwinua, akambwaga chali. Kitovu cha Nejdet kiliona jua, na kwetu huko ndiko kushindwa. Mwamuzi akainua mkono wa Durmuş, na damu ikashuka kwenye mkono huo hadi kwapani. Nejdet alikuwa anatapika.

Amepanda kwa wakubwa. Hakuna awezaye kumnyang'anya.

Hospitalini walimshona kwa taabu, maana uzi ulikuwa unakata ile ngozi nyembamba badala ya kuishika. Yule mama daktari aliniita kwenye ujia. Akasema mfupa ulikuwa wazi, atakatwa ngozi ya paja kuja kuziba, na ngozi hiyo haitastahimili kofi hata moja maisha yake yote. Hakuna mieleka tena. Akasema nimweleze mimi, kwani akimwambia yeye hatasikia.

Nikaingia. Alikuwa amelala ubavu, kichwa chote kimefungwa, zimebaki nywele za mbele tu zikichungulia, nyeusi, nzito, zimelowa mafuta.

“Shemeji, za mbele zimesalimika?”

“Zote zipo.”

Akatabasamu. Akaniambia nianze kumtafutia suruali mpya ya ngozi, wakubwa hawavai iliyochanika. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, bila kuzunguka, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumzungusha mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka kitandani, akanishika kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akanipiga kisogoni. Akanipiga tena, kwa kiganja kizima, kama baba yake alivyomfundisha, huku machozi yanamtiririka na mashine ya dripu inayumba. Niliona nyota. Meno yangu yaligongana nikajiuma ulimi. Sikumzuia. Niliinamisha kichwa ili asipate shida kunifikia, akaendelea mpaka muuguzi alipokuja kumshika mkono.